Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utafiti wa Maabara Kuhusu Seli, Molekuli na Maradhi ya Ubongo

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wagonjwa, wazazi na wanafunzi wa Mombasa huuliza wanaposikia kwamba kifafa, kiharusi, ugonjwa wa kutetemeka na maradhi mengine ya ubongo yanachunguzwa ndani ya maabara. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa. Nia yake ni kumwezesha msomaji kuelewa kinachotafutwa, na kwa nini kinatafutwa mahali padogo namna hiyo.

Utafiti huu unachunguza nini hasa?

Unachunguza kinachoharibika ndani ya seli za ubongo, za uti wa mgongo na za neva. Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, pamoja na seli nyingine nyingi ambazo kazi yake ni kuzilisha, kuzilinda na kuziondolea taka. Mtu anapotetemeka mkono, anapoanguka kifafa au anaposahau jina la mwanawe, daktari huiona dalili. Mtafiti wa maabara huuliza ni seli za aina gani zilizokosea, ni protini ipi ndani yake iliyoacha kufanya kazi, na ni jeni ipi, kijidudu kipi au sumu ipi iliyozifikisha hapo.

Je, haitoshi kumtazama mgonjwa na kumpa dawa?

Mara nyingi hutosha, na wagonjwa wengi wa kifafa hupata nafuu hivyo. Lakini dalili moja huweza kutokana na kasoro zilizo kinyume kabisa, na dawa inayoifaa kasoro moja ikaizidisha nyingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni kifafa cha watoto kiitwacho ugonjwa wa Dravet, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Charlotte Dravet, aliyekieleza mwaka 1978. Mtoto hushikwa na mitukutiko kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mara nyingi akiwa na homa, na baadaye mitukutiko humjia hata bila homa. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba wengi wa watoto hawa wana kasoro katika jeni iitwayo SCN1A, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza kijia cha kupitisha sodiamu katika utando wa seli za neva. Hapo palizuka fumbo, kwa sababu vijia hivyo ndivyo vinavyoiwezesha seli kusisimka. Vikipungua, ubongo ungetarajiwa kutulia, wala si kuchafuka. Jibu lilitoka kwa panya wa maabara waliobeba kasoro hiyohiyo: seli zilizodhoofika zaidi zilikuwa zile ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine, na hizo zikinyamaza, zinazobaki hukosa wa kuzizuia. Ndiyo sababu kabamazepini na fenitoini, dawa ambazo huvizuia vijia vya sodiamu na ambazo zinawasaidia watu wengi wenye kifafa, huweza kumzidishia mtoto wa Dravet maradhi yake. Hakuna daktari, hata awe hodari vipi, ambaye angelijua hilo kwa kumtazama mtoto tu anavyotukutika.

Seli ya neva hupitishaje ujumbe, na jambo hilo lilijulikanaje?

Ndani ya seli ya neva iliyotulia mna potasiamu nyingi na sodiamu chache, na nje yake hali ni kinyume. Tofauti hiyo huufanya upande wa ndani wa utando uwe na chaji hasi, takriban milivolti 70 chini ya upande wa nje. Seli inaposisimuliwa, vijia vya sodiamu hufunguka kwa muda mfupi usiofikia hata milisekunde chache, chaji hugeuka, kisha vijia vya potasiamu hufunguka na kuirejesha hali ya mwanzo. Wimbi hilo husafiri hadi mwisho wa seli, ambako hutolewa kemikali inayovuka pengo dogo na kuiamsha seli inayofuata, au kuituliza.

Tunayajua haya kwa msaada wa ngisi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza, walitumia neva ya ngisi wa bahari ya Ulaya, aliye jamaa wa ngisi wanaouzwa na wavuvi wetu, kwa kuwa uzi wake mmoja wa neva unaweza kufikia upana wa milimita moja na hivyo kuruhusu waya mwembamba kuingizwa ndani. Nyuzi za neva za binadamu ni nyembamba mara mamia. Walichapisha matokeo yao mwaka 1952 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kila dawa ya kifafa inayofanya kazi kwenye vijia vya sodiamu inaeleweka leo kwa sababu ya kazi ile.

Watafiti huzipata wapi seli za ubongo wa mtu aliye hai?

Kwa muda mrefu hawakuzipata, isipokuwa vipande vidogo vilivyoondolewa katika upasuaji. Walitegemea ubongo wa marehemu, ambao huonyesha mwisho wa ugonjwa na kuficha mwanzo wake, au walitegemea wanyama. Hali ilibadilika pale Shinya Yamanaka wa Japani alipoonyesha, kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007, kwamba jeni nne tu zikiamshwa ndani ya seli ya ngozi huirudisha seli hiyo kwenye hali ya seli shina, ambayo inaweza kuongozwa kuwa seli ya aina nyingine. Kwa hiyo mgonjwa hutoa kipande kidogo cha ngozi au damu kidogo, na baada ya miezi kadhaa mtafiti huwa na seli za neva zenye jeni zilezile za mgonjwa huyo, zikiwa hai ndani ya sahani ya maabara. Tangu mwaka 2013 yamekuzwa pia mafundo madogo ya tishu yanayofanana na ubongo wa kijusi katika hatua zake za mapema. Mafundo hayo hayafikiri wala hayahisi kama mtu; hayana mishipa ya damu ya kutosha, na hukua kufikia milimita chache tu.

Mtoto wangu alishikwa na degedege akiwa na malaria kali. Ni nini kilichotokea ndani ya ubongo wake?

Swali hili linaulizwa sana Pwani, na sehemu kubwa ya jibu lake imetokana na kazi iliyofanywa hapa kwetu. Tangu mwaka 1989 Kilifi, takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, kumekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome la Uingereza, na malaria kali ya watoto imekuwa miongoni mwa mambo makuu yanayochunguzwa huko.

Kwanza itofautishwe degedege ya homa ya kawaida na malaria ya ubongo. Degedege ya homa humpata mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Ikiwa ni fupi na mtoto akazinduka vizuri, kwa kawaida haiachi madhara. Malaria ya ubongo ni jambo jingine, kwani mtoto hupoteza fahamu na haamki.

Jambo ambalo wazazi wengi hushangaa kulisikia ni kwamba vimelea vya malaria haviingii ndani ya tishu ya ubongo. Vinabaki ndani ya chembe nyekundu za damu. Lakini kimelea cha falsiparamu hutoa protini inayojitokeza juu ya chembe aliyomo na kuifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ili isipelekwe kwenye wengu na kuangamizwa. Kimelea kimoja kina takriban jeni 60 za kutengeneza aina mbalimbali za protini hiyo, naye huzibadilisha moja baada ya nyingine ili kuikwepa kinga ya mwili. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba aina zinazohusiana na malaria kali hushika kipokezi fulani kwenye ukuta wa mshipa, kipokezi ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia damu isigande ovyo na kuta zisivuje. Kikishikwa, ulinzi huo hupungua, kuta huvuja, damu huzibana njia, na ubongo huvimba. Watafiti waliowapiga watoto picha za ubongo nchini Malawi walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayoonyesha kwamba wengi wa waliofariki walikuwa na ubongo uliovimba sana, ukalibana shina la ubongo linalotawala pumzi.

Baadhi ya watoto wanaopona hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo au ugumu wa kujifunza. Mzazi akiona mtoto aliyepona malaria kali anakodoa macho bila kujibu, au anachelewa kusema kuliko wenzake, amrudishe hospitalini hata kama miezi imepita.

Je, kifafa huambukiza kwa mate au povu?

Hapana. Mguse bila hofu aliyeanguka, umlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni.

Kinachoweza kuambukiza ni baadhi ya visababishi vya kifafa. Mmojawapo ni mnyoo tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, na yakiingia kwenye chakula au maji huweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kula nyama ya nguruwe maishani mwake. Mayai huanguliwa, viluwiluwi vya mnyoo husafiri kwa damu hadi ubongoni na kujifungia ndani ya vifuko. Kifuko kinapokufa, kinga ya mwili hukishambulia, na uvimbe unaotokana na shambulio hilo ndio unaozichokoza seli za neva. Kunawa mikono na matumizi ya choo, kwa hiyo, ni kinga dhidi ya kifafa.

Pepopunda pia ni ugonjwa wa neva?

Ndiyo, na ni mojawapo ya magonjwa ambayo molekuli yake inajulikana kwa usahihi mkubwa. Bakteria aliyeingia kwenye kidonda hutoa sumu inayosafiri ndani ya nyuzi za neva, kinyume cha mwelekeo wa ujumbe, hadi kwenye uti wa mgongo. Huko huingia katika seli za kutuliza na kuikata protini moja iitwayo sinaptobrevini, ambayo bila hiyo kemikali ya kutuliza haiwezi kutolewa. Misuli hukosa wa kuilegeza; taya hukaza, mgongo hupinda. Kukatwa kwa protini hiyo kulithibitishwa mwaka 1992. Sumu ya botulini, inayotokana na chakula kilichoharibika, huikata protini hiyohiyo mahali palepale katika mojawapo ya aina zake, lakini katika seli zinazoamrisha misuli, na matokeo yake ni kinyume: mtu hulegea mwili mzima. Molekuli ni ileile, seli ni tofauti, na maradhi hayafanani hata kidogo. Chanjo ya pepopunda kwa wajawazito na watoto ipo, na haifai kuachwa.

Nimesikia mbegu za upupu zinatibu ugonjwa wa Parkinson. Ni kweli?

Zina kemikali halisi ya kutibu, lakini sishauri mtu ajitibu nazo.

Katika ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, hufa seli za sehemu ndogo yenye rangi nyeusi chini ya ubongo, ambazo hutengeneza dopamini. Kufikia wakati mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea. Dopamini yenyewe ikimezwa haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, ila malighafi yake, levodopa, huvuka. Msweden Arvid Carlsson alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba wanyama waliopooza kwa kuishiwa dopamini huinuka na kutembea wakipewa levodopa, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mbegu za upupu, huo huo ambao vinyweleo vya ganda lake huwasha ngozi, zina levodopa kwa asilimia chache ya uzito wake. Tatizo ni kipimo, kwa kuwa kiasi hutofautiana kati ya mmea na mmea, na levodopa ikizidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu, mwili kujinyonganyonga na hata kuona vitu visivyokuwapo. Vidonge vya hospitali vina kipimo kinachojulikana, na vimechanganywa na dawa nyingine inayozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni.

Ikumbukwe kwamba levodopa hurudisha kilichopungua na haizuii seli kufa. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba kasoro katika protini iitwayo alfasinukleini huweza kuuleta ugonjwa huu, na kwamba protini hiyo hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli zinazokufa hata kwa wagonjwa wasio na kasoro ya jeni. Kuuzuia mrundikano huo ndilo lengo la maabara nyingi duniani leo.

Kusahau kwa wazee ni umri tu?

Kusahau funguo ni umri. Kupotea njia ya nyumbani katika mtaa ulioishi miaka 40 ni ugonjwa, na mzee huyo anastahili kupelekwa kwa daktari. Wakati mwingine chanzo huwa ni hitilafu ya tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, mambo ambayo yanatibika.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, vipande vya protini ya amiloidi hurundikana nje ya seli, na protini ya tau hujisokota ndani yake. Dawa ya lekanemabu, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo. Haiurudishi uwezo uliopotea, na huweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu ubongoni.

Mbona dawa zinazowaponya panya hazimponyi mtu aliyepata kiharusi?

Mshipa unapoziba, seli zilizokosa damu huachilia glutamati kupita kiasi, na kemikali hiyo huzisisimua seli za jirani hadi zinajaa kalsiamu na kufa. Inakadiriwa kwamba katika kiharusi kikubwa seli za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihesabu dawa 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa ili kuzikinga seli. Nyingi ziliwafaa panya, na karibu zote zilizojaribiwa kwa binadamu zikashindwa. Panya wa maabara walikuwa vijana wenye afya, waliopewa dawa muda mfupi baada ya mshipa kuzibwa, ilhali mgonjwa wetu ni mzee mwenye presha na sukari, aliyefika hospitalini baada ya saa nyingi. Kwa maoni yangu hilo ndilo funzo kubwa zaidi ambalo maabara zimepata katika fani hii: seli zichunguzwe katika hali zinazofanana na maisha ya wagonjwa wenyewe. Kwa sasa kinachookoa ni haraka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na ni lazima kichwa kipigwe picha kwanza.

Pwani kuna jambo la ziada, nalo ni siko seli, ambayo huwaletea kiharusi hata watoto wadogo. Badiliko la kiungo kimoja tu katika himoglobini, protini ya damu, huzifanya chembe nyekundu kuwa ngumu na kupinda, zikaiharibu mishipa ya ubongo. Dawa ya haidroksiyurea huamsha tena aina ya himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haipindi. Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ilivumilika vizuri na ilipunguza maumivu, malaria na vifo.

Tumezoea kuoana binamu kwa binamu. Je, kuna hatari?

Watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Hata hivyo, kuna maradhi ya neva yanayotokea tu pale mtoto anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, na watu wa ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro moja. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Familia iliyokwisha kupata mtoto mwenye ugonjwa usioeleweka wa kulegea au wa kurudi nyuma katika makuzi iombe ushauri kabla ya kupanga ndoa nyingine ya ndani.

Miongoni mwa maradhi hayo ni kudhoofika kwa misuli kunakotokana na jeni ya SMN1, iliyotambuliwa mwaka 1995. Dawa ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na mwaka 2019 ikaidhinishwa tiba ya kumwingizia mtoto jeni nzima kwa sindano moja, kwa bei ya zaidi ya dola milioni 2. Naona uchungu kuiandika bei hiyo. Ujuzi uliopatikana kwa seli za watoto wa dunia nzima haupaswi kuuzwa kwa bei ambayo hakuna mzazi wa Kisauni wala wa Likoni anayeweza hata kuifikiria.

Kutolewa maji ya uti wa mgongo kunapoozesha?

Hofu hii imewafanya wazazi wengi kukataa kipimo ambacho kingemwokoa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo. Uti wenyewe huishia juu kidogo ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo kuna maji na nyuzi za neva zinazosogea. Madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa kwa siku chache. Watoto waliopooza baadaye kwa kawaida wamepooza kwa ugonjwa uliochelewa kutambuliwa.

Je, haya si mambo ya majini?

Sala na dua humpa mgonjwa na jamaa zake nguvu, na hakuna mtafiti mwenye busara atakayemzuia mtu kuomba. Lakini mtoto anayeanguka asinyimwe dawa, asifungiwe, wala asichanjwe chale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mitukutiko wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Nikiombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti, nina haki gani?

Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Kigiriama au nyingineyo, ni nini kitakachofanywa na damu hiyo, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itapelekwa nje ya nchi. Una haki ya kukataa, au kukubali kisha kujitoa, bila kupunguziwa matibabu. Utafiti wowote wa aina hii nchini Kenya lazima uwe umepitiwa na kamati ya maadili na kupata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia; omba kuonyeshwa. Taarifa zako za kiafya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mimi binafsi natamani watu wa Pwani wengi zaidi washiriki, kwa sababu sehemu kubwa mno ya taarifa za jeni zilizohifadhiwa duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na badiliko la jeni ambalo kwetu ni la kawaida huweza kudhaniwa kimakosa kuwa ugonjwa.

Kwa nini kazi hii haifanywi zaidi hapa Mombasa?

Seli za neva hukuzwa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 na kaboni dioksidi asilimia 5, bila kukatizwa, kwa miezi. Sampuli huhifadhiwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, au katika naitrojeni iliyo kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, kazi ya mwaka mzima huharibika. Vifaa vyote hivyo vinahitaji fedha, mafundi wa kuvitengeneza na vijana waliosomea biolojia, kemia na takwimu. Mwanafunzi wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kuanza: Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, jirani na kituo kilichotajwa hapo juu.

Sijaanguka kwa muda mrefu. Naweza kuacha dawa za kifafa?

Usiziache mwenyewe. Fenobabitoni, kwa mfano, hukipa nguvu kipokezi ambacho kemikali ya kutuliza hukitumia, na seli za ubongo hujizoesha kuwapo kwake. Ikikatwa ghafla, seli hizo hubaki zimesisimka kuliko zilivyokuwa hapo awali, na mitukutiko huweza kuja mfululizo bila mgonjwa kuzinduka. Daktari huipunguza kidogo kidogo kwa miezi, baada ya mgonjwa kukaa salama kwa miaka kadhaa, kwa kawaida isiyopungua miwili. Mtukutiko wowote unaozidi dakika 5 ni dharura: mpeleke mgonjwa hospitali iliyo karibu nawe wakati huohuo, na uchukue dawa zake zote ili wahudumu waone anatumia nini.